Timu yangu inamaliza kila sprinti, lakini haibuni chochote

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kiongozi wa timu ya programu. Tunatengeneza programu ya kutunza stoo: mzigo unaingia, unatoka, unahesabiwa. Tunafanya kazi kwa mtindo wa ajaili (agile), yaani kujenga programu kwa vipande vidogo na vya muda mfupi, tena tunaufuata vizuri. Sprinti zetu, yaani vipindi vya kazi, ni za wiki mbili, kila asubuhi tuna kikao kifupi, siku ya mwisho tunaonyesha demo, kisha tunakaa kujitathmini. Pointi tunazopanga, yaani namba za kukadiria ukubwa wa kila kazi, tunazimaliza, na chati yetu ya kasi, inayoonyesha pointi tulizomaliza kila sprinti, inapanda.

Mambo yalianza kuharibika uongozi ulipotangaza kwamba mwaka huu ni wa ubunifu na kumjali mteja. Meneja akafungua orodha ya mawazo ambayo yeyote anaweza kuandika. Wiki za mwanzo ilijaa, baadaye hakuna aliyeigusa. Tukafanya pia siku nzima ya mashindano. Walioshinda walitengeneza utafutaji wa bidhaa kwa sauti, wakapigiwa makofi, ikaishia hapo.

Kilichonifanya nikuandikie ni kingine. Kuna kijana kwenye timu, mgeni kuliko wote kazini. Alisikia kutoka kwa dada wa huduma kwa wateja kwamba watunza stoo wengi wanahesabu mzigo kwa katoni, wakati fomu yetu inapokea vipande tu. Basi wanaweka kalkuleta pembeni ya kibodi, wanazidisha, ndipo wanaandika. Yule kijana, bila kumwambia mtu, akaongeza kisanduku cha katoni kwenye fomu, kikaenda hewani na toleo la wiki ile. Wateja walipiga simu kushukuru. Meneja akamkemea mbele ya wote: kazi haikuwa na tiketi (haikusajiliwa kwenye orodha ya kazi zetu), haikuwa na pointi, na imekula muda wa dashibodi, ile skrini ya muhtasari tuliyoahidi. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa kiutaratibu meneja alikuwa sahihi. Tangu siku ile, kwenye kikao cha kujitathmini watu wanasema "tuko sawa" na kufunga kompyuta zao.

Juu ya hayo yote, tuna mteja mmoja mkubwa. Kila watu wa mauzo wakitoka kwake, mpango wetu unapinduliwa katikati ya sprinti. Meneja anaita hilo kumjali mteja.

Nifanyeje, Shangazi, ili timu ibuni na imjali mteja kweli, bila kila mtu kuanza kufanya analotaka?

Kiongozi wa timu


Marahaba mwanangu,

Umeniuliza namna ya kuleta ubunifu kwenye timu, na katika barua hiyohiyo umenieleza kwamba ulishakuja wenyewe, ukakaripiwa hadharani. Basi tusiutafute mbali.

Meneja wako ana hoja, ila ameishika pasipo mpini. Kilichopaswa kumtisha si tiketi. Fomu inayogeuza katoni kuwa vipande inagusa hesabu ya mali ya mtu. Katoni ya bidhaa hii ina vipande 12, ya ile 24, na msambazaji akibadilisha ufungashaji, 24 inakuwa 20, stoo nzima inasoma uongo bila hitilafu hata moja kuonekana kwenye logi, yaani kumbukumbu za mfumo. Je, kuna mtu wa pili aliyeuhakiki msimbo ule, yaani maandishi ya programu aliyoyaandika? Idadi ya vipande kwa katoni inatoka wapi, na nani anaihuisha? Mambo yakienda kombo, mnaweza kukizima kile kisanduku peke yake, au lazima mrudishe toleo zima? Maswali hayo kijana alistahili kuulizwa, tena faraghani, baada ya kupongezwa mbele ya watu. Badala yake aliulizwa habari za pointi. Waliokuwa wanasikiliza wamebaki na funzo moja: ukimwona mteja anahangaika, angalia pembeni.

Hizo pointi zenyewe nazo zina historia ya kuchekesha. Februari 2001 watu 17 walikutana Snowbird, Utah, wakaandika ilani ya ajaili. Mmoja wao, Ron Jeffries, aliandika mwaka 2019 kwamba huenda yeye ndiye aliyezibuni pointi, na kama ndivyo, anajuta. Zilikusudiwa kuisaidia timu kukadiria kazi, zikageuzwa kipimo cha bidii. Chati yenu kupanda hainiambii chochote. Kazi iliyopewa 3 mwaka jana huenda leo inapewa 5, wala hakuna aliyedanganya. Mtu anayepimwa kwa namba huanza kukadiria kwa ukarimu. Ilani ile ina kanuni 12, na ya kwanza kabisa inasema kipaumbele cha juu ni kumridhisha mteja kwa kumfikishia mapema, na bila kukatiza, programu yenye thamani kwake. Chati ya kasi haimo katika hizo 12.

Sasa ile orodha ya mawazo. Ilikufa kwa sababu ilikuwa sehemu ya kuweka vitu, wala hapakuwa na mtu mwenye ruhusa ya kuchukua kimoja na kukijaribu. Mwaka 2012 mfanyakazi wa Bing, injini ya utafutaji ya Microsoft, alipendekeza namna nyingine ya kuonyesha vichwa vya matangazo. Lilikuwa wazo dogo miongoni mwa mamia. Wasimamizi wakaliweka chini ya orodha, likakaa zaidi ya miezi 6, mpaka mhandisi mmoja alipoona kwamba kuliandika si kazi kubwa. Akatengeneza jaribio rahisi: baadhi ya watumiaji waone mtindo wa zamani, wengine mpya. Baada ya saa chache mfumo ukatoa tahadhari kwamba mapato yamepanda mno kiasi cha kutia shaka. Hapakuwa na hitilafu. Mapato yalipanda kwa asilimia 12, na kwa Marekani pekee hiyo ni zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka.

Usimsimulie meneja kisa hiki kwa ajili ya hizo dola milioni 100, maana ataanza kuzisubiri. Msimulie kwa ajili ya ile miezi 6. Watu wenye uzoefu walilitazama wazo lile na hawakuona kitu. Na si kwamba walikuwa wazembe: Microsoft hao hao walipochunguza majaribio yao, waligundua kwamba ni karibu theluthi moja tu ya mawazo yaliyojengwa ili kuboresha jambo fulani ndiyo yaliyoliboresha kweli. Mengine hayakubadilisha kitu, na mengine yaliharibu. Ikiwa ndivyo ilivyo kwa watu wenye takwimu zote zile, meneja wako hawezi kukaa na orodha na kuchagua mshindi kwa macho. Wewe huwezi, na mimi siwezi. Tunachoweza ni kufanya kujaribu kuwe rahisi, na kuacha kusiwe aibu.

Hata hivyo majaribio yanafuata baadaye. Kuna jambo moja kwenye barua yako ambalo umelipita mbio, nami nalirudia polepole: kijana *alisikia* kwamba watunza stoo wanatumia kalkuleta. Timu yenu imejenga programu ya stoo, na habari muhimu kuliko zote za stoo imefika kwa kupitia maongezi na dada wa huduma kwa wateja. Ni nani kati yenu amewahi kukaa na mtunza stoo mzigo ukishuka? Nadhani jibu ni mmiliki wa bidhaa, yule anayeamua kijengwe nini, labda mara moja, tena kwenye chumba cha mikutano. Wahandisi wako si kwamba wamekosa ubunifu. Hawajaonyeshwa kitu cha kubunia.

Kampuni ya Intuit, inayotengeneza programu za hesabu, ilijijengea desturi ya kuwaomba watu walionunua programu yake ruhusa ya kwenda nao nyumbani, kuwatazama wakiifungua na kuitumia kwa mara ya kwanza. Hawakwenda kufundisha, walikwenda kutazama. Nanyi fanyeni hivyo, na kwa kuwa kazi hii ni rahisi kuiharibu, nitakaa hapa kidogo.

Mwombe mteja mmoja akubali watu wawili wa timu wakae na mtunza stoo kwa saa moja mzigo unapoingia. Nasisitiza mzigo unapoingia, maana wakati wa utulivu kila programu ni nzuri. Wawili hao wawe mhandisi na mtu mwingine yeyote: mjaribu, mbunifu wa skrini, wewe. Mmoja aongee kidogo, mwingine aandike tu. Msimuulize mwenyeji wenu angependa mwongeze nini. Atawatajia kitu alichokiona kwenye programu nyingine, au atawasifu kwa adabu, na yote mawili hayatawasaidia. Mwambieni aendelee na kazi yake, ninyi tazameni mikono. Anapoacha kibodi na kushika kalamu, andikeni saa na skrini iliyokuwa mbele yake. Someni vikaratasi vilivyobandikwa ukingoni mwa kompyuta, kwa sababu humo yamo mambo yote ambayo programu yenu ilipaswa kumkumbushia, ikashindwa. Akibonyeza mara mbili pasipo sababu, akiguna, akimwita mwenzake aje kutazama, msimsaidie. Najua inavyouma kumwona mtu akitafuta kitufe ulichokiweka kwa mkono wako, tena kiko mbele ya macho yake. Vumilieni. Akimaliza ndipo mnauliza: "Pale uliposhika kalamu, ulikuwa unafanya nini?" Majibu ya swali hilo ndiyo mliyoyafuata.

Kama wateja wako mbali, mtu anaweza kuwaonyesha skrini yake kwa intaneti. Mtakosa vile vikaratasi, lakini mtapata mengi. Wala msiseme hamna muda wa kuwazungukia wateja wote. Jakob Nielsen, mtafiti wa utumiaji wa programu, alionyesha kwa hesabu za miradi aliyoichunguza kwamba watumiaji 5 hufichua, kwa wastani, karibu asilimia 85 ya matatizo ya utumiaji. Tazameni watano, rekebisheni, kisha tazameni wengine watano. Na kila mhandisi aende kwa zamu. Ripoti ya mtu aliyekwenda haina nguvu ya kumbadilisha mtu aliyebaki ofisini. Nimeona ripoti nzuri sana za watumiaji ambazo hazikuhamisha hata kitufe kimoja.

Mkirudi, ile orodha ya mawazo ifungeni. Fungueni orodha ya matatizo yaliyoonekana kwa macho, kila mstari ukitaja aliyeona, alipoona na mtumiaji alikuwa anajaribu kufanya nini. Suluhisho lisiandikwe humo. Kwa kipimo hicho utaona kwa nini utafutaji wa sauti uliishia kwenye makofi. Katika stoo yenye kelele, mikono imejaa maboksi, pengine kuna mtu anautamani, pengine hayupo; waliotengeneza hawakuwa na njia ya kujua. Kwenye kampuni ya 3M, Spencer Silver alitengeneza mwaka 1968 gundi inayoshika na kubanduka kirahisi, na kwa miaka akawa anaizungusha kazini akitafuta matumizi yake. Mwaka 1974 mwenzake Art Fry, aliyekuwa anaimba kwaya, alichoshwa na vikaratasi vya alama vinavyoanguka kutoka kwenye kitabu chake cha nyimbo, akaikumbuka ile gundi. Vikaratasi vya kubandika vilienea madukani Marekani mwaka 1980. Watu hupenda kisa hiki kwa sababu 3M iliwaruhusu wafanyakazi kutumia asilimia 15 ya muda wao kwa miradi yao wenyewe. Mimi naona muda tu haukutosha. Silver alikuwa nao. Kilichokosekana ni mtu aliyekerwa.

Kwa hiyo sikushauri kuomba asilimia yoyote. Omba nafasi moja ndogo katika kila sprinti, ya jaribio moja linalotoka kwenye orodha ya matatizo. Lipewe tiketi, ili meneja apate tiketi yake. Ndani ya tiketi iandikwe mliona nini, mnadhani nini kitabadilika, na ni dalili gani itawafanya mliondoe. Hiyo dalili ya kuliondoa iandikwe kabla ya kuanza, kwa sababu mkishajenga mtalipenda, na mtu hakitupi anachokipenda. Msimbo uhakikiwe na mtu wa pili, ukae nyuma ya swichi inayoweza kuzimwa, na uanze kwa wateja wachache waliokubali. Kile kisanduku cha katoni kingepita njia hii bila kumkera mtu. Hapo umejibiwa wasiwasi wako wa kila mtu kufanya analotaka: uhuru wenye mlango unaojulikana hauhitaji mlinzi.

Demo yenu pia nina shaka nayo. Mwongozo wa Skramu (Scrum, utaratibu wa ajaili wenye sprinti kama zenu) wa mwaka 2020 unasema wazi kwamba kikao cha mapitio ya sprinti ni kikao cha kazi, na timu isikifanye kiwe maonyesho tu. Nina hakika kwenu mhandisi anabonyeza, meneja anatikisa kichwa. Mwalikeni mtunza stoo mmoja, hata kwa simu ya video, na mpeni yeye kipanya. Mtakuwa na kikao cha aibu kidogo. Andikeni yote atakayokwama nayo, na mpango wa sprinti inayofuata uanzie hapo.

Turudi kwenye ule ukimya, kwa sababu usipouondoa, haya yote yatakuwa utaratibu mwingine wa kufuata vizuri. Amy Edmondson wa Harvard alipochunguza timu za wauguzi katika miaka ya 1990, alikuta kwamba timu zilizoongozwa na kushirikiana vizuri ndizo zilizokuwa na makosa *mengi* kwenye kumbukumbu. Si kwamba zilikosea zaidi. Watu wake hawakuogopa kusema. Timu yenu inayosema "tuko sawa" kila baada ya wiki mbili inanitia wasiwasi zaidi kuliko ambayo ingekuwa inagombana. Anza na meneja, mkiwa wawili. Usiende kumtetea kijana, maana atajitetea naye. Mpelekee simu za shukrani zilizopokelewa na yale maswali ya usalama niliyoyataja juu, umwambie: "Wateja wamekipenda kile kisanduku, na mimi nina hofu nacho. Nipe nafasi moja kwa sprinti tufanye mambo kama haya kwa njia salama." Hapo atakuwa amepata alichokitaka bila kurudi nyuma mbele ya watu. Halafu sema mbele ya timu, ukimtaja kijana kwa jina, kwamba tatizo aliloliona lilikuwa la kweli na kwamba kuanzia sasa kuna mlango wake. Kwenye kikao cha kujitathmini acha kuuliza kama kuna tatizo. Uliza, "Wiki hizi mbili, ni kitu gani mmekijenga huku mkijua hakuna atakayekitumia?" Kisha ukae kimya mpaka mtu aongee. Inaweza kuchukua muda kuliko utakavyopenda.

Mteja mkubwa. Kumtii mteja na kumjali ni mambo mawili. Anachokileta mtu wa mauzo huwa ni suluhisho ambalo bosi wa upande wa pili amelifikiria, na huyo bosi mara nyingi hajawahi kuingiza katoni hata moja kwenye programu yenu. Anaomba ripoti yenye safu 40; ukifuatilia unakuta kuna karani anayeichapa, anaangalia safu 2, halafu anampigia simu dereva. Mnaweza kumwondolea ile simu kwa kazi ndogo kuliko ripoti. Kwa hiyo ombi likija katikati ya sprinti, lisikataliwe. Liulizwe ni nani atakayelitumia, saa ngapi, na atafanya nini baada ya hapo. Kama bado ni la lazima, basi kitu kingine kitoke, na kitajwe kwa sauti mbele ya mtu wa mauzo, si kifichwe ndani ya saa za ziada za wahandisi.

Na ule mwaliko wa kwanza wa kukaa stoo mwombeni yeye huyohuyo mkubwa, maana ndiye mwenye mizigo mingi ya kutazama. Mtume yule kijana pamoja na mtu wa mauzo, wapande gari moja.